Baba alisema baiskeli yangu haivuki mlango wake, nikaipandisha Magamba hadi Mlalo

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa wote humu, shikamooni.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na wapo watu wa Mlalo humu ndani watakaonijua kabla sijafika katikati. Nikiongopa wanisute hadharani. Picha msiniombe, mikono ilikuwa kwenye breki.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani hapa Lushoto mjini, kwetu Mlalo. Naendesha baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama, nikaanza nayo kupeleka nguo za wateja Soni. Baadaye nguo zikawa kisingizio tu. Naamka, naswali, natoka.

Suruali za kuendeshea nimezishona mwenyewe, pana, zinabana kifundoni tu. Ushungi unakaa chini ya helmeti. Nasema mapema ili wale wa "ulivaa nini" wapumzike.

Anayezijua barabara zetu anajua. Ni kona juu ya kona. Upande huu ukuta wa mlima, upande wa pili unaona mapaa ya watu chini ya miguu yako. Kabichi na karoti zimelimwa kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe angefikiria mara mbili. Ukiingia msitu wa Magamba, baridi inakushika masikio.

Nimezaliwa huku, nimekulia huku, lakini milima hii nimeijua nilipoanza kuipanda kwa pumzi yangu mwenyewe. Naipenda mno.

Sasa tuje kwenye tatizo.

Kwetu Usambaani mkubwa hasalimiwi ukiwa umekaa juu ya kitu. Kama uko kwenye baiskeli unashuka, unasimama kwa miguu yako, unatoa shikamoo. Halafu ndiyo mnaulizana kwa Kishambaa: nyumbani, watoto, mahindi, ng'ombe, mpaka yaishe. Shikamoo ya kurusha huku unapita haihesabiki. Afadhali hata ungenyamaza.

Siku moja nateremka kutoka Magamba, kwenye kona kali nikamwona Mzee Shekibula kasimama kando anasubiri gari. Huyu ni rafiki wa baba, wanaswali safu moja. Nikamrushia shikamoo, nikapita.

Wanaoendesha watanielewa. Kufunga breki pale kungenipeleka korongoni. Lakini mzee aliona mtoto wa rafiki yake kamsalimia akiwa amekaa.

Stori ilipofika Mlalo ilikuwa imenenepa. Eti nilimpita nacheka. Eti kichwa wazi. Eti kidogo nimgonge.

Baba akanipigia simu. Hakugomba, na ndiyo maana nilijua amekasirika kweli. Alisema: "Hiyo baiskeli haivuki mlango wangu. Ukija kwenye hitma ya mama yako, uje kama watu."

Wakuu, mama ni marehemu, na hitma yake, kile kisomo cha kumwombea, kwetu ni kila mwaka. Ukoo mzima unakuja, sijawahi kukosa. Gari za Mlalo zipo, ningepanda tu na yangeisha.

Lakini nilijua nikishuka kwenye gari siku ile mbele ya ukoo, nimekubali kwamba baiskeli yangu ni aibu. Na nikienda nayo, na baba akasimamia neno lake, nitaisikiliza dua ya mama yangu nikiwa nimesimama njiani kama mpita njia. Hilo liliniuma kuliko lile la kwanza.

Nikaamua naenda nayo. Na kila mkubwa nitakayemkuta, nashuka. Nilitaka nifike Mlalo bila mtu kuwa na kisingizio cha salamu.

Nikafunga tairi nene kidogo kwa ajili ya vipande vya barabara ya vumbi, nikatoka asubuhi.

Jamani, milima ile ukiipanda mfululizo inauma. Ukiipanda huku unashuka kwa kila mzee anayekwenda shamba, ni adhabu. Miguu ikishapata moto, unaizima. Unavua miwani, unasimama, shikamoo, mahindi, ng'ombe, watoto. Halafu unatakiwa uondoke tena kwenye mlima wenyewe, baiskeli inayumba, gia inakataa, na mzee bado anakuangalia.

Sikuruka hata mmoja. Kuna mahali nilishuka, nikasalimia, nikapanda, kabla sijakaa vizuri nikamwona mwingine anatokea kwenye migomba. Nilicheka mwenyewe kwa hasira.

Karibu na Lukozi nikamkuta bibi mmoja kabeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikashuka. Akaitikia, akaniangalia toka helmeti mpaka viatu, akauliza kama ni mimi yule binti asiyesalimia watu. Nikamwambia ndiye mimi, bibi.

Akacheka. Akautua mzigo wake chini, akaniambia nipande. Nilipoanza kuyumba nikasikia mkono wake mgongoni unanisukuma.

"Nenda," akasema. "Wakikuuliza, waambie mimi umenisalimia."

Nilipanda kipande kile huku machozi yananitoka, na siwezi kusingizia upepo.

Lukozi sokoni vijana wa kijiweni wakaniuliza kama mume wangu amekosa nauli ya kunipa. Nikawajibu wachukue baiskeli tuteremke mpaka Mlalo, wakinishinda nitawashonea suruali bure. Hakusimama mtu.

Kuteremkia Mlalo ndiyo nafsi ikaanza kusinyaa. Mnaopajua, zile nyumba zilizobanana mlimani, nyingine za udongo zenye roshani za mbao, ukiwa juu unaona hata nani kakaa barazani kwa nani. Nikaona mikeka uwanjani kwetu. Nikaona kofia nyeupe. Na nilijua na wao wananiona.

Nikashuka mbali, nikaikokota mpaka nyumbani. Nikaiegemeza ukutani, nje. Nikavua helmeti, nikaweka ushungi sawa, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Shekibula.

Nikampa shikamoo nimesimama kwa miguu yote miwili. Nikamwomba na ile ya Magamba aipokee leo. Akaitikia marahaba. Watu wakashusha pumzi, nami nikadhani yameisha.

Mzee akakohoa. Akasema salamu ni sawa, lakini hata hivyo, mwanamke juu ya baiskeli si jambo la kupendeza.

Unaona? Kumbe salamu haikuwahi kuwa tatizo. Nimeivua miwani ile mlima mzima kwa ajili ya kesi ambayo haikuwepo. Damu ikanipanda, lakini sauti sikuipandisha.

"Mzee wangu," nikasema, "mama alibeba kabichi kichwani kutoka bondeni mpaka Lukozi maisha yake yote. Hakuna aliyemwambia haipendezi."

Wanawake waliokuwa wanakoroga sufuria nyuma wakageuka kututazama.

Nikamgeukia baba, nikampa shikamoo yake. Akaitikia, chini chini, bila kuniangalia. Hakusema niingie, hakusema niondoke. Nikaenda kukaa na shangazi zangu kwenye mkeka wa wanawake, na hakuna aliyenitoa.

Dua ikasomwa. Katikati wingu likashuka toka Magamba, mnajua mvua ya huku haipigi hodi. Kila mtu akabeba mkeka wake, wakakimbilia ndani. Mimi nikatoka kwenda kuinusuru baiskeli, nikiwa nafikiria banda la ng'ombe.

Nikamkuta baba pale ukutani. Kashika usukani kwa mkono mmoja, kama anavyomshika ndama asiyemjua. Kanzu inalowana.

"Itapata kutu hii," akasema. "Iingize chumbani kwa mama yako."

Nikaipitisha mlangoni, wakuu. Matairi yanadondosha matope kwenye sakafu ya baba yangu, na yeye kasimama pembeni ananipisha.

Msidhani ameniambia nilikuwa sahihi. Mpaka leo hajasema. Mzee Shekibula naye bado anaongea, na nasikia sasa hoja imehamia kwenye viatu vyangu.

Nilichojifunza ni hiki: ukitimiza wanachokudai na bado wakaleta kingine, basi shida yao ni wewe mwenyewe, na hiyo huwezi kuimaliza kwa kushuka. Adabu nitaitoa kwa sababu ni yangu, nimelelewa nayo.

Karibuni mnishauri, mnikosoe, hata wa matusi njooni. Akina dada wa milimani mnaotaka kuanza, andikeni hapa chini, suruali nitawashonea.

Kwa shikamoo nitashuka kila kona. Kuomba ruhusa, sishuki.