Sheri Kavu ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, mtumishi wa serikali aliyestaafu, alipewa chupa moja na padri Mhispania aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa sheri kavu, divai iliyokaa kwenye mapipa miaka mingi kuliko umri wangu. Jumapili moja baada ya misa aliifungua sebuleni kwake, mtaa wa Mutanga Sud, tulikokuwa tukiishi naye, akaniita. Kwetu mke wa mwana haketi kunywa na baba mkwe. Nilisita mlangoni.

"Ikala, mwanangu. Kitu kama hii mutu hawezi kunywa peke yake."

Sheri ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alinifundisha kunusa kwanza: karanga zilizokaangwa hadi karibu kuungua, ganda la chungwa lililokaushwa juani.

"Usimeze mbio. Iache mu kinywa."

Nilitarajia utamu, sikuupata hata chembe. Ilikuwa kali, yenye chumvi kwa mbali, na ladha yake haikuondoka hata nilipokwisha kumeza. Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kucheka katika nyumba ile.

Mume wangu akaingia.

"We, unalewa na papa yangu?"

Ngumi yake ilinikuta na glasi mdomoni. Glasi ilipasuka, jino likang'oka. Nilianguka kati ya viti, akanifuata kwa mateke, mbavuni, mgongoni, bila haraka, kama alivyozoea chumbani kwetu.

Bakora ya mzee ilimpata begani, kisha mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mume wangu alipiga magoti, mzee akazidi kumpiga huku analia, mpaka nikatambaa nikamshika mzee mguu.

"Papa, apana! Utamuua!"

Mume wangu alitoka ameukumbatia mkono. Mzee alimimina sheri kwenye glasi iliyosalia, akanipa. Iliniunguza midomo iliyochanika, nikaimeza pamoja na damu.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Miaka tatu yote, ku ukuta, nilikuwa nasikia."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mbavu. Siku zote nilijidanganya kwamba masikio yake yamezeeka.

Jioni hiyohiyo nilikwenda Ruziba kwa dada yangu, sikurudi tena. Mzee alikuja mara mbili kuniomba msamaha. Mara ya pili nilimpikia mukeke, samaki aliyempenda, akamla wote. Msamaha sikumpa. Sikuwa nao bado.