Debe la Nyumbani

Nimetazama wanawake wakichambua kahawa na kunde katika nchi kadhaa, lakini sijaona mikono myepesi kama ya Matilda wa Kasokola. Mnunuzi kutoka Mpanda mjini hakuwahi kumrudishia gunia lake la mahindi hata moja.

"Mama Manyanda, wewe ni mashine," alizoea kumtania Matilda, akimwita kwa jina la mwanawe. "Siku ukistaafu tutauziwa ukungu."

Punje zenye ukungu Matilda hakuzitupa. Aliziosha, akazianika tena, akazipeleka mashineni kusagwa unga wa nyumbani. Mazuri yauzwe, yaliyobaki tule: hivyo ndivyo mama yake alivyomlea.

Mwaka jana mvua iliyanyeshea mahindi yakiwa yameanikwa chini, na mabovu yakawa mengi kuliko kawaida. Yeye, mumewe mzee Masunga na mjukuu wao Specioza, wa miaka minne, wote waliugua. Walitapika, macho yakawa ya njano. Wazee walipona. Specioza alikufa siku ya sita.

Bwana afya alikuja, akaeleza kwamba ile ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kisha akauliza, "Mama, yale mabovu mengine mliyapeleka wapi?"

"Tulikula, baba. Yaliisha."

Nilimkuta Matilda mwezi wa saba mwaka huu akichambua mavuno mapya. Mabovu yalikuwa yanangoja shimo la kufukiwa. Punje nzuri kuliko zote alizitia kwanza kwenye debe la nyumbani.

"Alipenda uji mzito," aliniambia bila kuinua macho. "Nilikuwa namwongezea unga."