Uso wa Mchunga Ng'ombe

Pango la Noeli la kanisa kuu la Uvira nililichonga mimi, kwa mvule, kabla vita haijafika kwetu. Mariamu nilimpa sura ya shangazi yangu, Yosefu akawa seremala jirani yangu wa mtaani Kilibula. Sijui kuchonga mtu nisiyemjua. Mtu wa kubuni akipita mikononi mwangu hutoka kama mwiko wa ugali. Kwa hiyo mchunga ng'ombe alikuwa rafiki yangu wa Rurambo milimani, aliyeshuka kila juma kutuletea maziwa.

Alisimama uani kwangu ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya mwingine, kama wanavyosimama kule juu, akinung'unika kwamba namchelewesha. Kichwa kilipokamilika alikizunguka, akaipapasa ile pua ndefu.

"Nitaambia muke yangu miye niko ndani ya kanisa," alisema. Alifurahi sana.

Vita ilipokuja, njia ya milimani ilifungwa na maneno ya watu yakabadilika: wafugaji wa kule juu, kabila la rafiki yangu, sasa waliitwa adui. Watu niliosali nao walianza kuuliza kwa nini adui amewekwa karibu na Mtoto. Mmoja alinishika bega mlangoni pa kanisa: "Weye uko upande gani?"

Padri alisema sanamu ibaki ilivyo. Mimi ni mwepesi wa hasira, Kilibula nzima inajua, lakini siku ile niliinamisha kichwa nikaenda zangu. Niliogopa. Nina mke na watoto. Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema, nami nikajituliza kwa msemo huo. Kesho yake asubuhi niliingia kanisani na patasi, nikapunguza pua, nikafupisha taya, nikapiga msasa. Nilipomaliza alikuwa mtu yeyote. Hakuna aliyelalamika tena, na nikajiona mjanja.

Mapigano yalipotulia, katika juma la Noeli, alikuja kwangu mwanamke aliyetembea kutoka Rurambo, tope limemfika magotini. Alikuwa mke wa rafiki yangu. Alinieleza kwamba mumewe aliuawa zizini, na nyumba ikaungua na vyote vilivyokuwamo.

"Hatuna foto yake hata moja," alisema. "Mutoto wetu wa mwisho hamukumbuke. Lakini bwana yangu alinambia uso wake iko ndani ya kanisa."

Ningeweza kumdanganya kwamba sanamu zimeibwa. Wazo hilo lilinijia, sitaficha. Nilimpeleka.

Alipiga magoti mbele ya pango. Akamtazama mchunga ng'ombe, akampita. Akamtazama Yosefu, kisha wale wafalme, mmoja mmoja, akarudi tena mwanzo.

"Ni yupi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha.

"Hapana, baba," alisema kwa upole, akidhani nimekosea. "Huyu haiko yeye."

Alikuwa bado anatafuta kati ya zile sanamu nilipomwambia kwamba ni yeye, na kwamba aliyemkata uso ni mimi.