Anastazia ni jina la nani?

Mnisamehe kwa kunyamaza tangu vita virudi Bukavu.

Leo kijana wangu ametaka binti yake mchanga aitwe Anastazia.

Ni jina la binti yetu, dada yake, aliyetupotea msituni tulipokimbia Kongo. Hatujui kama yu hai.

Nikaeleza, kwa ualimu wangu: ni jina la Kigiriki, maana yake ufufuo. Wakristo wa kale waliwapa jina hilo mabinti waliobatizwa.

Nilidhani ninafariji.

Mke wangu akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaniambia:

“Papa, muntu anafufukaka bila kufa? Tulizika nani, wapi? Miye bado namungojea.”

Kijana akainama.

Ubatizo ni Jumapili, hapa Mururu, ng'ambo ya mpaka. Nyinyi mngefanyaje?

Kwa sasa tunamwita “mtoto” tu. Tukiamua, nitawaandikia.