Ngazi za Wells

Safari hii niliifanya kwa sababu ya magoti. Mimi ni fundi vigae, naishi Hagsätra, na huu ni mwaka wa ishirini na nne nikipiga magoti kwenye mabafu ya watu wa Stockholm. Bosi wangu, mwenye kampuni yetu kule Jordbro, alinipa hadi Jumatatu nimjibu: nahamia stoo nikakae kwenye kiti, au naendelea na mwiko wa kuwekea vigae? Mke wangu Rukia nilimwambia magoti yamepona. Nilimdanganya. Nilikuwa nimejiwekea mtihani wangu. Huko Wells, Uingereza, kuna kanisa kuu lenye ngazi za mawe za zaidi ya miaka mia saba. Nikizipanda hadi juu, naendelea na ufundi. Zikinishinda, stoo.

Ijumaa alasiri tulipanda ndege uwanja wa Arlanda. Binti yetu Salma alituaga kwa Kiswidi, kama kawaida yake, akasema wazazi wa wenzake huenda kuota jua, wa kwake wanakwenda kutazama ngazi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Bath, njiani kwenda Wells. Mji mzima umejengwa kwa jiwe la rangi ya maandazi, na nyumba za mtaa mmoja zimepinda nusu duara bila dirisha hata moja kutoka kwenye mstari. Nilitembea mdomo wazi. Kila hatua chache nainama kukagua.

"Baba Salma, watu watadhani umeangusha kitu," Rukia akasema.

"Waache wadhani. Hebu ona kiungo hiki cha mawe, wembe haupiti."

Saa nane mchana tukachukua basi la Wells, mji mdogo wenye maji safi yanayopita kandokando ya barabara kuu. Tulipoingia kanisani nikaona tao kubwa limebeba tao jingine lililopinduliwa kichwa chini. Nikasema Subhanallah, humo humo kanisani, wala sikuona haya.

Kisha ngazi. Zimelika katikati kwa nyayo za watu, zinapanda na kugawanyika kama maji yaliyomwagwa. Nikavua viatu. Bibi mmoja mzee anayeongoza wageni akaniuliza kulikoni.

"Mimi ni fundi sakafu," nikamwambia. "Siwezi kukanyaga kazi ya fundi mwenzangu na viatu."

Akacheka. "Wangevua wote, zisingelika hivi. Haya, panda."

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jiwe lilikuwa la baridi na laini. Kwenye ya sita goti la kulia likakataa kabisa. Nikashika ukuta, nikakaa chini.

"Ndiyo yaliyopona haya?" Rukia akauliza. Hakugomba. Alivua viatu vyake akavipanga kando ya vyangu, akapanda, akawa ananisimulia kwa sauti ya chini.

"Hapa limelika vidole viwili, upande wa ukutani halijaguswa. Hili la juu wamelibadilisha, si jiwe moja na haya mengine. Lakini aliyeliweka alikuwa na mkono. Usawa wake wa pimamaji, kiungo hakionekani. Ungemsifu, na wewe humsifu mtu."

Machozi yalinitoka. Maneno yale sikumfundisha. Aliyaokota mezani, usiku baada ya usiku, nikila huku nikilalamikia kazi mbovu za mafundi wengine, nikidhani hasikilizi.

Jumapili, ndani ya ndege ya kurudi, nilimwambia Rukia ukweli wote. Nilimwambia pia nilichokuwa nakiogopa, kwamba nikiuweka mwiko chini hatabaki mtu anayejua nilichokuwa nakijua.

"Mimi je?" akasema, akafunga mkanda.

Jumatatu asubuhi nilimwambia bosi nahamia stoo. Nilikwenda Uingereza kupima magoti, nikarudi nikijua kwamba nimeishi miaka yote hii na fundi mwenzangu.