Foleni ya Mlango wa Stoo

Nyumbani walimwita Mbona, maana tangu ajue kusema hakuacha kuuliza: mbona shangazi anacheka kabla hajamaliza kusimuliwa, mbona mjomba akipoteza miwani anawagombeza wenzake. Mtoto wa namna hiyo utamfanya nini? Alipofika chuo kikuu akachagua sosholojia, na mama yake, fundi cherehani, akapata kazi ya ziada ya kuwaeleza wateja.

"Anasomea watu," alisema.

"Watu nao wanasomewa?" akauliza shangazi. "Si akae dirishani tu awatazame, bure?"

Mwaka wa mwisho Mbona alikuwa amebakiza kazi moja ya utafiti, ambayo alishaifeli mara moja. Akifeli tena, anarudia mwaka. Na mama, Mungu amsamehe, alishajishonea gauni la mahafali, la rangi ya dhahabu, mabega yametuna kama mito. Alishalivaa kwa majirani, eti analijaribu.

Mhadhiri wake alikuwa mwanamke mkavu, hana masihara. "Msomi wa jamii hafuati mkumbo," alisema kila kipindi, kidole juu. "Anasimama pembeni, anatazama."

Basi Mbona akaamua kuchunguza watu wanavyopanga foleni. Asubuhi akaenda jengo la utawala, akasimama mbele ya stoo ya mafagio, mlango usio na kibao, bahasha tupu kwapani, uso wa mtu mwenye shida. Haukupita muda akaja mwanafunzi mmoja.

"Wewe ndiye wa mwisho?"

"Ndiyo."

Akasimama nyuma yake. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka mchana foleni imepinda kona na kushuka ngazi, sitii chumvi. Yule wa kwanza kuja, jamaa mnene, akajipa usimamizi, akawa anawafokea wanaochomekea. Kila mtu alijua foleni ni ya nini, ila kila mtu na lake: huyu vitambulisho vipya, yule vyumba vya bweni.

Mbona akaona amevuna vya kutosha. Akageuka, akawaambia ukweli: humu hamna kitu ila mafagio, yeye ni mtafiti, asanteni sana, nendeni zenu.

Wakamtazama kuanzia viatuni.

"Anataka tuondoke abaki peke yake," akasema yule mnene. "Hatudanganyiki, mdogo wangu."

Mbona akaenda zake kwa mhadhiri, maana mwisho wa kuwasilisha kazi ulikuwa saa kumi. Ofisi imefungwa.

"Katoka mbio," akasema katibu muhtasi. "Kasikia kuna foleni huko chini, hataki impite."

Mbona akashuka. Kweli, mhadhiri yuko kwenye mstari, mkoba kifuani.

"Mwalimu, foleni hii nimeianzisha mimi. Ndiyo utafiti wangu."

"Kila mtu ana maneno yake, kijana. Nenda nyuma, usichomekee."

Akaenda nyuma, angefanyaje? Mara akaja mfanya usafi na funguo, akawapita wote kwa mshangao, akafungua. Mafagio. Yule mnene, ambaye sasa ndiye wa kwanza, akakataa katakata kuaibika. Akachukua fagio moja, akaondoka nalo kifua mbele. Aliyemfuata akachukua lake, na wa nyuma yake vilevile, mfanya usafi kaduwaa. Mhadhiri alipofika mlangoni lilikuwa limebaki moja, akalinyakua.

Alipogeuka akakutana macho na Mbona. Akalitazama fagio. Akajikohoza.

"Nilikuwa nakukagua," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hivyo ndivyo utakavyoandika. Umefaulu."

Mbona akampigia mama simu, machozi yanamlenga kwa furaha, akamsimulia yote tangu asubuhi. Mama akashukuru, akacheka, akasema gauni limeokoka.

"Hebu ngoja, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na fagio hukupata."