Fundi Joto na Bomba la Ubavuni

Kwa miaka thelathini Fundi Joto alifunga mabomba ya mvuke kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuyavisha asbesto yasipoteze joto, na kwake bomba lisilofungwa lilikuwa sawa na mtu mzima kutembea uchi. Vumbi la asbesto likamkaa kifuani kimya kimya mpaka uzeeni, ndipo likazaa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika pafu.

Daktari hakumficha. Kupona, hapana. Upasuaji usingemfaa. Dripu za kemo zingeweza kuupunguzia ugonjwa kasi. Hilo akasema atalifikiria. Bomba jembamba la ubavuni, la kutoa maji yaliyokuwa yakijaa kifuani, alilikubali upesi, mabomba si ndiyo fani yake? Ila mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza pumzi na maumivu, aliikataa katakata, ati ni ya watu wanaoaga dunia. Mkewe akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wapi! Mzee yule akishika lake, ameshika.

Kumbe ana mambo. Mkewe alipokwenda sokoni, akatoa pamba, bendeji na uzi, akalivisha bomba la ubavuni tabaka juu ya tabaka, kwa mafundo ya kupendeza. Kesho yake pumzi ikambana, hata kufika chooni ikawa safari. Muuguzi alipokuja kumtoa maji alitumia karibu saa nzima kumenya bendeji, na ndani akalikuta bomba limejikunja, hata tone halipiti. Akasema kazi ni safi sana, ila ingemmaliza mwenyewe. Fundi Joto alisikia ile sehemu ya kwanza tu, akatabasamu.

Maji yalipotoka, kifua kikawa chepesi, lakini bado alihema. Mkewe akamimina mofini kwenye kijiko, akamwambia amechoka kumwona akilala kitini. Safari hii mzee hakubisha. Aliuliza swali.

"Ovaroli zangu za kazini, nani alikuwa anazikung'uta vumbi?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Basi nenda ukapige picha ya kifua. Ukirudi, nitakunywa."

Mama wa watu akakiweka kijiko mezani. Siku zote alidhani mumewe anaogopa dawa, kumbe aliogopa imlaze kabla hajapata moyo wa kusema kwamba vumbi lile huenda limemwingia mkewe pia. Na yeye pia wazo hilo lilikuwa likimtafuna tangu siku ya kwanza, analikimbia. Akaenda hospitali.

Picha ilitoka safi. Daktari akaonya tu kwamba akianza kukohoa au kubanwa kifua, arudi mara moja. Fundi Joto alimtaka mkewe ayarudie majibu hayo mara tatu, na ya tatu mzee akalia waziwazi, kamasi na vyote, wala hakugeuza uso.

"Haya, lete kijiko," akasema. "Sasa naweza kulala."